Tanzu za Michezo ya Jukwaani na Hadhira Yake: Mifano kutoka Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya Tanzania huweza kutaja tanzu za tamthiliya bila kusita: tanzia, ramsa, tanzia-ramsa, melodrama na kichekesho. Ataeleza kwamba tanzia huishia katika huzuni, ramsa huishia katika furaha, na kichekesho huchekesha. Majibu hayo humpatia alama katika mtihani. Hayaelezi, hata hivyo, kwa nini kisa kimoja kikichezwa kwa utanzu huu huwafanya watu wafikiri, na kikichezwa kwa utanzu mwingine huwafanya wacheke na kurudi nyumbani kama walivyokuja. Wala hayaelezi jinsi kisa hicho hicho, kikiwekwa katika utanzu usiofaa, kinavyoweza kuwadhuru watu walioketi mbele ya jukwaa.

Mhadhara huu unalishughulikia swali hilo. Hoja yake kuu ni kwamba utanzu wa mchezo ni mapatano baina ya watendaji na watazamaji. Tangu dakika za mwanzo, kwa ishara za mavazi, sauti, ngoma na mwendo, hadhira hujulishwa inatakiwa kufanya nini: kulia, kucheka, kupima au kujibu. Sifa nyingine zinazotajwa vitabuni, yaani aina ya mhusika, aina ya mgogoro, mtindo wa lugha na namna mchezo unavyokwisha, zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa kama masharti ya mapatano hayo.

Mifano mingi imetolewa Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu unaopita Kahama, Bukombe, Nyarugusu na Geita. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, hivyo mambo ya kabla ya mwaka huo yametajwa kwa mipaka ya zamani. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, lina mapokeo ya ngoma za mashindano ambamo hadhira ina mamlaka makubwa kuliko katika kumbi nyingi za mijini. Pili, limepitia misiba inayohitaji kusemwa jukwaani kwa uangalifu: maafa ya machimboni, mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi, na mauaji ya watu wenye ualbino.

2. Dhana ya mchezo wa jukwaani

Istilahi tatu hutumika kwa kuchanganywa. Mchezo wa kuigiza ni tendo lenyewe la watu kujifanya watu wengine mbele ya watazamaji. Tamthiliya ni matini iliyoandikwa kwa ajili ya tendo hilo, ingawa huweza pia kusomwa tu. Sanaa za maonyesho ni dhana pana inayojumuisha mchezo wa kuigiza pamoja na ngoma, majigambo, utambaji wa hadithi na baadhi ya miviga. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walibainisha mambo manne ambayo lazima yakutane ili sanaa ya maonyesho iwepo: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji.

Ubora wa maelezo hayo ni kwamba yanampa mtazamaji nafasi ndani ya fasili yenyewe. Mapokeo ya Kigiriki, yaliyofikia shule za Afrika Mashariki kupitia mtaala wa Kiingereza, huanza kwa kumchunguza mhusika mkuu na anguko lake. Muhando na Balisidya wanaruhusu uchambuzi uanzie upande wa pili wa uwanja, kwa mtu aliyesimama na kutazama. Huko ndiko mhadhara huu unakoanzia.

3. Hadhira yenye miguu: mashindano ya Wagika na Wagalu

Katika Usukuma, majira ya ngoma hufuata mavuno. Vyama vya wachezaji tangu karne ya 19 vimegawanyika katika pande mbili, Wagika na Wagalu, ambazo mapokeo huzihusisha na mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Siku ya mashindano, vikundi viwili huingia katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji huwa huru kwenda upande unaowavutia, na kikundi kinachovuta umati mkubwa zaidi ndicho mshindi. Sherehe ya Bulabo, inayofanyika Bujora karibu na Mwanza na kuambatana na sikukuu ya Kikristo ya Ekaristi, imeyahifadhi mashindano hayo hadi karne ya 21.

Ushindani wa namna hiyo umezaa ufundi mwingi wa jukwaa. Wachezaji wa bugobogobo hurusha na kudaka majembe kwa mpigo wa ngoma. Wabuyeye, ambao asili yao ni chama cha waganga wa kuumwa na nyoka, hucheza na nyoka hai. Wapo wanaotumia vinyago na sanamu za kuchongwa, na wapo wachekeshaji wanaoingia katikati ya ngoma kuigiza mtu mwenye majivuno, mlevi au ofisa. Manju hutunga nyimbo za kumsifu kiongozi, kumkejeli mpinzani au kusimulia tukio la mwaka huo.

Kwa mtu wa fasihi andishi, mambo hayo huonekana kuwa mchanganyiko usio na utanzu. Ukweli ni kwamba mapatano yapo na yanaeleweka na wote. Wimbo wa kejeli una kibwagizo ambacho hadhira hukipokea, na kwa kukipokea huwa imeshiriki katika hukumu. Tendo la hatari, kama lile la nyoka, hudai ukimya na woga. Mchekeshaji huleta nafuu baada ya woga huo. Mtazamaji asiyeridhishwa huondoka, na kuondoka kwake huhesabiwa hapo hapo. Hadhira ya Shinyanga na Geita imelelewa katika uwanja huu kabla ya kuona jukwaa lenye pazia, na mwandishi anayeisahau sifa hiyo huwapata watazamaji wanaohama.

4. Tanzia

Tanzia ni mchezo unaomwonyesha mtu mwenye hadhi au azma kubwa akielekea kwenye maangamizi kwa sababu ambayo kwa sehemu imo ndani yake mwenyewe. Aristotle alisema kwamba utanzu huu huamsha huruma na hofu, na kwa njia hiyo huzitakasa hisia za watazamaji. Mfano wa kale uliotafsiriwa kwa Kiswahili ni Mfalme Edipode wa Sophocles, kwa kalamu ya S. S. Mushi, aliyetafsiri pia Makbeth wa Shakespeare (1968).

Katika tamthiliya zilizotungwa kwa Kiswahili, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) imebaki kuwa kipimo. Kinjeketile anawaunganisha watu wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya Wajerumani kwa imani ya maji, kisha anagundua kwamba neno alilolitoa limemponyoka na kuwa kubwa kuliko yeye. Mwishoni, akiwa mikononi mwa adui, anakataa kulikana neno hilo kwa sababu ya wale watakaolihitaji baadaye. Sifa za tanzia zimo: mgogoro wa ndani, lugha nzito, na mwisho usioepukika. Sifa iliyo muhimu zaidi kwa hoja hii ni kwamba hadhira inajua mapema risasi hazitageuka maji, na ujuzi huo huifanya imtazame shujaa kwa huruma badala ya shangwe.

Masharti ya tanzia kwa watazamaji ni magumu. Huwataka wakae kimya, wafuatilie mazungumzo marefu, na waache matumaini ya kuokolewa kwa mhusika. Katika uwanja wa wazi wa kambi ya wachimbaji, ambako watu husimama, huingia na kutoka, masharti hayo huvunjika upesi. Tanzia ikipelekwa huko huhitaji kubebwa na kitu kinachojulikana, kwa mfano wimbo wa maombolezo unaopokewa na wote.

5. Ramsa na kichekesho

Ramsa ni mchezo wa furaha unaoanza na vikwazo na kuishia katika upatanisho, aghalabu ndoa au kusameheana. Mtu wa kawaida, mwenye kasoro zinazorekebishika, ndiye mhusika wake mkuu. Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare (1969), inaonyesha jinsi utanzu unavyoweza kuhama pamoja na wakati. Kwa Shakespeare mchezo huo umewekwa katika kundi la ramsa. Neno mabepari katika jina la tafsiri, likitolewa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilimkaribisha msomaji ahukumu mfumo wa mali kabla hajafurahia harusi.

Kichekesho ni kifupi zaidi kuliko ramsa na hutegemea kutia chumvi, vurugu za mwili, mavazi na matamshi. Katika Tanganyika ya ukoloni, vichekesho vilienea kupitia shule na sherehe, na mara nyingi mtu wa kuchekwa alikuwa mshamba aliyeshindwa kuendana na desturi za mjini au za Kizungu. Mapatano ya kichekesho ni mepesi: mtazamaji anaambiwa kwamba yeye ni bora kuliko yule anayeanguka jukwaani.

Mapatano hayo yana uzito wa pekee katika eneo linalojadiliwa. Kwa miaka mingi, Msukuma amekuwa mmoja wa washamba mashuhuri wa vichekesho vya Kitanzania, akitambulishwa kwa matamshi yake, ukubwa wa mwili na ng'ombe wake. Baadhi ya mizaha hiyo inatokana na utani wa makabila, ambao una kanuni zake: anayetaniwa ana haki ya kutania, na mtani ana wajibu wa kusaidia msibani. Kichekesho cha jukwaani au cha televisheni huchukua mzaha na kuacha kanuni, kwa kuwa anayechekwa hayupo kujibu. Vikundi vya nyumbani, vinavyochekesha kwa Kisukuma na Kiswahili mbele ya Wasukuma wenyewe, vimeonyesha kwamba mzaha ule ule hubadilika maana mchekwa na mcheka wanapokuwa mtu mmoja.

6. Melodrama na tanzia-ramsa

Melodrama huwagawa wahusika katika wema na waovu bila kivuli kati yao. Matukio yake ni ya kushtua, muziki husaidia kuamsha hisia, na mwishowe wema hushinda. Tanzia-ramsa huchanganya kicheko na msiba ili mtazamaji asipate nafasi ya kutulia katika hisia moja. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba (1988), iliyosomwa kwa muda mrefu katika shule za sekondari, ina sifa hizo. Ofisa wa kuhesabu watu anafika kijijini, anapenda, na kazi ya taifa inateketea. Hadhira hucheka hadi inapogundua kwamba kilichoungua ni chake pia.

Tofauti baina ya tanzu hizi na tanzia huonekana vizuri zikijaribiwa kwa tukio moja la kweli. Mwezi Oktoba 2015, kifusi kiliwafungia wachimbaji wadogo sita chini ya ardhi katika mgodi wa Nyangalata, Kahama. Watano waliokolewa baada ya siku 41. Mwenzao alikwisha kufariki humo ndani. Melodrama ingemtafuta mwovu, pengine mwenye duara mwenye tamaa, na kufikia kilele katika kukumbatiana kwa familia mdomoni mwa shimo. Tanzia ingeanza mapema zaidi, kwa watu wanaojua kwamba matimba yamechoka na bado wakashuka kwa kuwa ada ya shule inadaiwa. Tanzia-ramsa ingewasikiliza wakitaniana gizani. Kila utanzu ungekuwa mwaminifu kwa sehemu ya tukio, na kila mmoja ungeacha nje sehemu ambayo mwingine ungeishika. Melodrama ingeacha uchumi unaomshusha mtu shimoni. Tanzia ingehatarisha kuufanya uchumi huo uonekane kama majaaliwa.

7. Tamthiliya ya historia na ya kimapokeo

Kundi hili huchota kisa katika historia au visakale na kukielekeza kwenye mambo ya wakati wa mwandishi. Kwa eneo la Usukuma, mfano unaojulikana ni Ngoma ya Ng'wanamalundi ya Emmanuel Mbogo (1988). Ng'wanamalundi alikuwa mchezaji ngoma na mganga aliyeishi wakati wa Wajerumani. Mapokeo husimulia kwamba watu waliacha shughuli zao kuifuata ngoma yake, na kwamba aliponyoosha kidole miti ilikauka.

Sifa kuu ya utanzu huu ni kwamba hadhira inakuja ikiwa na kisa chake tayari. Mwandishi hapati watazamaji wasiojua, anapata mashahidi. Mtazamaji wa Dar es Salaam humtazama Ng'wanamalundi kama ishara ya uwezo wa umma. Mtazamaji wa Shinyanga, ambaye babu yake huenda alimwimba, hupima kama jina limetamkwa sawasawa na kama ngoma inapigwa inavyostahili. Heshima hiyo haimzuii mwandishi kubuni, lakini humlazimu ajue ni wapi anabuni.

8. Tamthiliya za ishara, za kibwege na za masimulizi

Baadhi ya tamthiliya huacha uhalisia na kusema kwa mafumbo. Mashetani ya Hussein (1971) hutumia mchezo wa shetani na binadamu kuonyesha mabadiliko ya matabaka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Amezidi ya Said Ahmed Mohamed (1995) hutajwa mara nyingi kuwa mfano wa tamthiliya ya kibwege, ambamo mazungumzo huzunguka bila kufika, na uzungukaji huo ndio ujumbe. Tanzu hizi humtaka mtazamaji avumilie kutoelewa kwa muda, na kwa kawaida zimepata nafasi zaidi darasani kuliko uwanjani.

Njia nyingine ilikuwa kurudi kwa mtambaji. Katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976), Hussein alimweka msimulizi mmoja abebe mchezo mzima. Penina Muhando, katika Nguzo Mama (1982), alimtumia Bi Msimulizi kuongoza kisa cha wanawake wa kijiji wanaojitahidi kusimamisha nguzo wasifaulu. Katika Lina Ubani (1984) aliingiza hadithi na nyimbo kama sehemu ya hoja. Wahakiki huzilinganisha mbinu hizi na zile za Bertolt Brecht wa Ujerumani, ambaye alitaka mtazamaji akumbushwe kila mara kwamba anatazama mchezo ili aendelee kupima. Kwa hadhira iliyolelewa na mtambaji na manju, kukatizwa kwa kisa ili kuulizwa swali si jambo geni. Hadithi ya jioni hufanya hivyo kila siku.

9. Mchezo wa ujumbe na sanaa ya maonyesho shirikishi

Kuanzia miaka ya 1980, na hasa baada ya janga la UKIMWI kuenea, michezo yenye ujumbe mahususi iliongezeka. Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation (1996), na Orodha ya Steve Reynolds (2006) ziliingia madarasani nchini kote, zikiwa na hadhira ya vijana akilini. Katika miji ya machimbo, ambako maelfu ya vijana walikuja bila familia baada ya migodi mikubwa kufunguliwa, ule wa Geita mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, maigizo ya afya yalikuwa na kazi ya dharura. Sifa yake ni uwazi wa lugha, wahusika wanaotambulika, na mwisho wenye maelekezo. Udhaifu wake unatoka hapo hapo: mapatano yake humfanya mtazamaji kuwa mwanafunzi, na mchimbaji aliyechoka hapendi kufundishwa anachokijua.

Sanaa ya maonyesho shirikishi ilijaribu kuuondoa udhaifu huo. Augusto Boal wa Brazili alipendekeza kwamba mtazamaji aruhusiwe kuusimamisha mchezo, apande jukwaani na kujaribu suluhisho lake. Nchini Tanzania, jaribio la awali linalofahamika sana lilifanyika Malya, wilaya ya Kwimba, jirani na Maswa ambayo wakati huo ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama (ndiye Muhando wa tamthiliya zilizotajwa), Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wanakijiji kuchunguza matatizo yao. Miongoni mwa yaliyojitokeza, mimba za wasichana ndizo zilizobeba maonyesho. Wanakijiji wenyewe walitunga na kucheza kwa kutumia ngoma zao, na baada ya onyesho mjadala uliendelea pale pale uwanjani.

Malya ilionyesha kwamba uwanja wa Wagika na Wagalu ulikuwa tayari na hadhira iliyozoea kuamua. Kilichoongezwa ni kwamba uamuzi haukuwa tena juu ya nani amecheza vizuri, ila juu ya nini kifanyike kesho. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 kwa wasichana wa shule za sekondari, uliendeleza njia hiyo ya kumpa mtendaji na mtazamaji sauti moja.

10. Kisa kimoja, tanzu kadhaa: mauaji ya vikongwe

Umuhimu wa maelezo haya huonekana pale utanzu unapokutana na jambo la kufisha. Shinyanga, Mwanza na baadaye Geita zimeshuhudia kwa miongo kadhaa mauaji ya wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi. Macho mekundu yamechukuliwa kuwa alama, ingawa macho hayo huiva kwa miaka mingi ya kupika kwenye moshi wa mabua na samadi mahali ambapo kuni ni adimu. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba, urithi au ugonjwa usioelezeka. Kuanzia mwaka 2007, mauaji ya watu wenye ualbino yalitikisa kanda hiyo hiyo, yakihusishwa na imani kwamba viungo vyao huleta bahati katika machimbo na uvuvi. Mwaka 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumuua mtoto mwenye ualbino.

Kikundi kinachotaka kuigiza habari za kikongwe anayetuhumiwa kina tanzu nyingi mbele yake. Kichekesho ndicho chepesi: mchezaji kijana anajifunga matambara, anapaka macho rangi nyekundu, anatembea kwa kuinama, na uwanja unaangua kicheko. Nia inaweza kuwa ya kupinga uchawi, lakini mapatano ya kichekesho yamekwisha kuwaambia watu kwamba sura ile ni ya kuchekwa na kuogopwa. Bibi aliyekaa pembeni na macho ya namna hiyo anarudi nyumbani akiwa katika hatari zaidi kuliko alivyokuja.

Melodrama itamleta mganga tapeli anayepiga ramli na kutaja jina, kisha akamatwe. Hadhira itashangilia, na haki itakuwa imetendeka jukwaani. Tatizo ni kwamba mganga hubeba hatia yote, ilhali mtoto aliyekwenda kuuliza, ndugu aliyelitaka shamba na jirani aliyenyamaza wanatoka wakiwa safi.

Tanzia humweka katikati mtoto huyo: mtu anayempenda mama yake, aliyefiwa na watoto wawili, na anayesukumwa hatua kwa hatua hadi alipe wauaji. Hakuna utanzu unaoweza kuitikisa hadhira zaidi, kwa sababu kila mzazi hujiona. Hata hivyo mama mwenyewe huweza kubaki mhanga asiye na neno, na msiba ukaonekana umeandikwa. Tamthiliya ya kimapokeo nayo ina mtego wake. Kumsifu shujaa aliyekausha miti kwa kidole, mahali ambapo kidole kikinyooshwa kwa bibi huua, kunahitaji mwandishi atenganishe uwezo wa kishujaa na tuhuma za kijijini, vinginevyo sifa ya kwanza huithibitisha imani ya pili.

Njia ya msimulizi hukata kisa kabla ya panga kushuka na kuuliza: nani atalima shamba lile mwakani? Swali hilo huhamisha macho ya watazamaji kutoka kwenye uso wa bibi hadi kwenye mpaka wa shamba. Sanaa shirikishi huenda mbali zaidi, kwa kumruhusu mtazamaji aingie kama jirani, kama mjukuu, au kama mwenyekiti wa kitongoji na kujaribu kuzuia. Hapa ndipo hatari ya mwisho ilipo. Katika kijiji ambamo kila mtu anamjua mwenzake, mchezo wa kushirikisha huweza kugeuka kuwa ramli nyingine, majina ya kweli yakitajwa chini ya kivuli cha uigizaji. Kwa hiyo utanzu huu hudai masharti yasiyohitajika katika tanzia ya kuandikwa: kijiji na wahusika wawe wa kubuni kabisa, wazee wa pande zote waarifiwe kabla, wanawake wazee wenyewe wawe miongoni mwa watungaji, na kikundi kisiondoke jioni hiyo hiyo kikaacha mjadala bila mwenyeji.

11. Hitimisho

Mhadhara umeeleza tanzu kuu za michezo ya jukwaani kwa kuangalia kile ambacho kila moja huidai hadhira. Tanzia hudai huruma na subira. Ramsa hudai matumaini. Kichekesho hudai kujiona bora. Melodrama hudai upande. Tamthiliya ya kimapokeo hudai kumbukumbu. Ya kibwege hudai uvumilivu. Ya msimulizi hudai kupima. Na shirikishi hudai kutenda. Mipaka baina yake si kuta. Onyesho zuri la uwanjani huanza kwa ngoma, hupita kwenye kicheko na kuishia kwenye swali, mradi kila badiliko liwe wazi kwa watazamaji.

Yapo mapendekezo mawili. La kwanza linahusu ufundishaji. Badala ya kukariri fasili, wanafunzi wapewe tukio moja la mazingira yao, walitungie onyesho fupi katika tanzu tatu, kisha wawaulize wenzao waliotazama walimwonea nani huruma, walimcheka nani na walimlaumu nani. Majibu yakitofautiana, watakuwa wameiona kazi ya utanzu kwa macho yao. La pili linahusu vikundi, mashirika na halmashauri zinazotumia maigizo kuelimisha umma. Mazungumzo ya maandalizi kwa kawaida huhusu ujumbe, bajeti na idadi ya vijiji. Suala la utanzu liongezwe katika orodha hiyo, na liamuliwe pamoja na watu ambao sura zao, macho yao au ngozi zao ndizo zitakazoigizwa.